Quiero ya Makasi

Mdogo wangu Adalbert Kabwe aliimba Kihispania miaka mingi bila kujua neno hata moja la Kihispania, na hakuna mtu Kampemba, mtaa wetu wa Lubumbashi, aliyemwona mjinga kwa hilo. Ndivyo ilivyokuwa. Orchestra yake na wenzake ilijiita Los Kampemberos, jina walilojitungia wenyewe mchana mmoja wakinywa bia. Waliweka santuri ya Wakuba kwenye gramafoni ya jirani, wakaisikiliza mpaka sindano ikachoka, kisha kila mmoja akaondoka na maneno yake mdomoni. Corazón tulijua ni kitu kitamu. Amor pia. Yaliyobaki yalikuwa mapambo, kama ile dantela ninayoshonea shingo za magauni. Nani anauliza dantela ina maana gani?

Mimi ni Constance, dada yake mkubwa, mshonaji. Cherehani yangu ilikaa kwenye barza mbele ya nyumba, kwa hiyo habari zote za mtaa zilinipitia kabla ya kufika kwa wenyewe. Na niseme mapema kwamba wanaume wanaoimba hunichosha. Siku za kazi Adalbert alikuwa fundi wa mitambo kwenye usine, kiwanda cha shaba, mtu mtulivu, mwenye grisi kwenye kucha. Jumapili mchana alivaa suruali niliyomshonea, ile ya miguu mipana inayofagia barabara, akageuka kuwa mtu ambaye hata mimi sikumfahamu vizuri. Hayo yalikuwa kabla ya majina yetu ya ubatizo kupigwa marufuku na serikali, kwa hiyo niruhusuni niwaite watu kama walivyoitwa.

Adalbert alimpenda Agnès Bwalya. Agnès alikuwa msaidizi wa wakunga katika maternité, hospitali ya uzazi ya masista, binti mwenye maneno machache na kumbukumbu ndefu. Baba yake, Baba Bwalya, alikuwa ametumika reli maisha yake yote, na sasa alikuwa katekista. Tulimtuma baba yetu mdogo, André Chileshe, awe shibukombe, yaani mshenga wa kupeleka maombi yetu. Alirudi na jibu la kikatekista kabisa.

"Amesema tukuje dimanche ingine," alisema baba mudogo André. "Lakini yeye hatajibu. Mutoto mwenyewe njo atajibu, na kinywa yake, mbele ya bantu bote. Kama binti anapenda, iko bien. Kama hapendi, tunakunywa munkoyo, tunarudia kwetu."

Kwa hiyo kila kitu kilikuwa mdomoni mwa Agnès, na mpaka Jumapili hiyo Adalbert alikuwa na wiki moja ya kukaa kimya na kutoharibu. Hakuweza. Jumapili iliyotangulia siku ile, bar ilijaa familia nzima nzima, limonade mezani, watoto wakikimbizana. Nilikaa meza moja na Agnès na Adolphine, mwenzake wa kazini. Adalbert alishuka jukwaani na mikrofoni yake, akavuta waya mpaka ulipofika, akasimama mbele yetu, mkono kifuani, macho ameyafumba.

"Ya no te quiero," aliimba. "Ya no te quiero, corazón."

Aliimba vizuri, siwezi kumnyima hilo. Wamama walipiga makofi. Mtu wa nyuma alipiga mluzi. Agnès aliweka glasi yake chini taratibu, akamtazama Adalbert kama unavyotazama maziwa yaliyofurika jikoni, akachukua mkoba wake, akasema "Merci" na kutoka. Adalbert alipofumbua macho alikuta kiti kitupu. Akakiimbia kiti, kwa sababu wimbo ulikuwa haujaisha.

Jumanne Adolphine alikuja kupimwa gauni na kuniletea habari nyingine. Agnès alikuwa amemwomba mkuu wake ampeleke Mitwaba, kule kaskazini, ambako dispensaire ya misioni ilikuwa inatafuta mtu. Lori la misioni lilikuwa linaondoka Jumatatu, siku moja tu baada ya Jumapili yetu. Nilitoa pini mdomoni, nikamwacha Adolphine na mkono mmoja wa gauni, nikaenda kumtafuta Agnès.

Nilimkuta kwao, anakunja nguo. Sanduku lilikuwa wazi kitandani.

"Agnès, kuko nini?" nilimuuliza. "Muntu anakuimbia mbele ya bantu bote, weye unaenda Mitwaba?"

"Ya Constance, ni juu ya ile." Hakuinua macho, ingawa aliniita ya, dada mkubwa. "Aliniambia mbele ya bantu bote kama hanipendi tena."

"Adalbert? Alisema lini?"

"Ile aliimba. Ya no te quiero. Na alirudilia, na alirudilia."

Nilimwomba anieleze kama unavyomweleza mtoto, naye akakaa kitandani akaeleza. Mkuu wake, Mamère Pilar, alikuwa sista mkunga aliyetoka Hispania. Kifaransa alikijua, Kiswahili alikijaribu, lakini mtoto anapokaribia kutoka sista hana muda wa kutafuta maneno, na Kihispania ndicho kinachomtoka.

"Akipenda makasi, anasema quiero las tijeras," alisema Agnès. "Namupatia. Akimaliza, ananirudishia, anasema ya no quiero. Kila siku ya Mungu. Quiero, anakamata. Ya no quiero, anarudisha. Sasa, ya Constance, miye niko makasi?"

Nilitaka kucheka. Mimi mkasi wangu naupenda kuliko watu wengi ninaowafahamu, na sijawahi kuurudisha kwa mtu. Lakini niliona macho yake, nikameza kicheko changu.

"Dada, yule hajue ata neno moja ya Espagnol," nilisema. "Anaimba paka kuimba, kuimba tu."

"Nayua." Hapo ndipo aliponitazama. "Njo inaniumiza zaidi. Leo anasimama mbele yangu anasema kintu hajue. Kesho atasimama mbele ya padri, atasema 'nakupenda mpaka kufa', na ile pia hatajua. Miye nitabaki na muntu wa namna gani?"

Nilikuwa nimekuja kumkemea, na sasa nilijikuta namsaidia kukunja shuka. Njiani kurudi nilikasirika, kwanza na Adalbert, kisha na Wakuba wote, kisha nikajikasirikia mwenyewe kwa kumshonea ile suruali.

Nilipomweleza Adalbert, alikaa juu ya kitambaa cha mteja na nilimwacha akae. Uso wake ulikuwa umekwisha kabisa.

"Mwaka muzima naimba ile," alisema. "Mbele ya mama. Siku ya ndoa ya binamu yetu, ya Constance. Nilimwimbia bibi-arusi."

"Nakumbuka. Alilia juu ya furaha."

"Nifanye nini?"

"Uende ujifunze," nilisema. "Mwenye lugha iko pale ku maternité, avec kitambaa nyeupe ku kichwa."

Nilimsindikiza, maana peke yake angefika mlangoni akarudi. Mamère Pilar alitupokea kwenye bustani yake ya nyuma, ambako alikuwa anamwagilia nyanya. Alikuwa mfupi, mwenye mikono ya mtu aliyevuta watoto wengi duniani. Adalbert alimwomba radhi, akamwimbia ule mstari kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwonyesha daktari mahali panapouma. Sista aliweka ndoo chini. Alicheka mpaka akashika mti wa mpapai.

"Pobrecito, masikini," alisema, akajifuta machozi. "Na ulimwimbia ma petite Agnès? Kaa chini. Kaa, kaa. Verbe querer."

Akaanza. Querer, alisema kwa Kifaransa chake cha haraka, ni vouloir. Quiero agua, nataka maji. Quiero dormir, nataka kulala. Lakini querer ni aimer pia. Te quiero, nakupenda. Neno ni lile lile, na Wafaransa wanapata shida nalo kwa sababu wao wanatenga: kutaka huku, kupenda kule.

"Kumbe iko sawa kupenda ya kwetu," alisema Adalbert.

"Comment?"

Nilimfafanulia mimi. Hapa kwetu mtu husema napenda mayi, napenda kulala, napenda mama yangu, na hakuna anayechanganyikiwa. Hata tukiuliza maana ya neno tunauliza: ile inapenda kusema nini? Mamère Pilar alipiga makofi kama mtoto. Nao kwao, alisema, huuliza hivyo hivyo: ¿qué quiere decir? Alitutazama kama jamaa zake aliowapata baada ya kupotezana.

"Lakini sikiliza," alisema, na kidole chake kikapanda. "Kuko ka lettre kamoja, ka herufi. A. Mgonjwa iko mu kitanda, anasema: quiero una enfermera. Anapenda infirmière. Yeyote. Muuguzi mwenye kuwa karibu. Lakini muntu akisema: quiero a una enfermera…" Akaweka mkono kifuani, juu ya msalaba wake. "Hapo haiko mgonjwa. Au iko mgonjwa ya namna ingine. Hapo anapenda mumoja, yule, hapana mwengine. Kwa kintu, hapana a. Kwa muntu unapenda, a."

"Ka a," alisema Adalbert kwa heshima.

"Na ya no?" niliuliza.

"Ya, ni sasa, ni déjà, tayari. Ya no, ni tena hapana. Nilikuwa napenda, sasa nimemaliza."

Adalbert alifunika uso. Alipoufunua aliuliza jambo ambalo sikulitarajia: mtu akimwumiza mwenzake, naye hakupenda kumwumiza, Wahispania husemaje? Mamère Pilar hakucheka safari hii. Husema sin querer, alijibu. Bila kupenda. Ukimkanyaga mtu mguu, ukimvunjia sahani, unasema fue sin querer. Adalbert alirudia maneno hayo njia nzima ya kurudi nyumbani, querer, quiero, quiero a, sin querer, mpaka muuza karanga akamuuliza kama amehama dini.

Lililofuata nililisikia kwa Adolphine, aliyelisimulia kwa raha kubwa mno. Alhamisi, baada ya zamu, Adalbert alikoga, akavaa shati jeupe, akaenda maternité. Agnès alikuwa mezani pale mapokezi. Wajawazito walikuwa wamejaza benchi lote. Adalbert alivua kofia, akavuta pumzi, na jasho likamtoka, na katika jasho lile ka a kakapotea.

"Quiero una enfermera," alisema, kwa sauti ya kuimbia.

Agnès alimtazama kwa utulivu, kisha akageuza kichwa kuelekea ukumbini.

"Adolphine," aliita, "muntu iko huku. Anapenda infirmière. Yeyote."

Adolphine alikuja na kipimajoto, akakitia mdomoni mwa Adalbert kabla hajajieleza, akamkalisha kati ya wajawazito. Kutoka pale benchini, meno yakiwa yameshika kioo, mdogo wangu alisema "sin querer", mara ya kwanza kwa Agnès, mara ya pili kwa sakafu. Adolphine aliapa kwamba mdomo wa Agnès ulicheza kidogo pembeni. Lakini Adolphine huona mengi.

"Ni ka a," Adalbert aliniambia jioni ile. "Ka a kadogo, ya Constance. Nilikuwa nako njia muzima. Nitarudia Mamère, anifunze tena, dimanche nitasema vizuri."

Hapo subira yangu, ambayo haikuwa nyingi tangu mwanzo, ikaisha. Nilisimamisha cherehani.

"Sikiliza weye," nilisema. "Uko mutoto wa Lubumbashi. Binti iko wa Lubumbashi. Nyumba yabo iko nyuma ya soko. Na munapitia Espagne juu ya kusalimiana. Ulishamwambia siku moja kama unamupenda, na Swahili yetu?"

Aliokota pini zangu sakafuni moja baada ya nyingine, kazi ndefu kwa swali dogo vile.

"Nilimwimbia," alisema mwishowe.

"Sikuuliza kama ulimwimbia."

Ijumaa na Jumamosi hakuimba hata bafuni, na nyumba ilikuwa na ukimya wa ajabu, nikagundua kwamba ninaukosa ule usumbufu wake. Niliogopa. Nilijua namna anavyochelewa kupona vitu, na nilijua Mitwaba ni mbali, na kwamba mtu anayeondoka kwa aibu harudi kwa urahisi.

Jumapili baada ya misa tulikaa kwenye barza ya Baba Bwalya: baba mudogo André katikati, Adalbert pembeni yake, mimi karibu na mlango pamoja na mama wa Agnès. Munkoyo ulikuwa mtamu. Nyuma yangu, ndani tu ya kizingiti, sanduku la Agnès lilikuwa limefungwa kwa kamba, tayari kwa lori la kesho. Kila niliposogeza kiti, mguu wangu uliligonga.

Baba mudogo André alizunguka kama inavyopasa. Alisema tulikuwa tunapita, tukaona moshi unatoka nyumba hii, tukasema hapa kuna moto mzuri, na sisi kwetu jiko limezimika. Baba Bwalya alisema moto upo, lakini una akili zake. Wakacheka wazee wote wawili. Kisha Baba Bwalya akaacha kucheka, akamwita binti yake.

Agnès alitoka akapiga magoti, akasalimia, akakaa kwenye mkeka. Alikuwa amevaa gauni nililomshonea Pasaka, na sikujua kama hiyo ni ishara nzuri au ni kwa sababu mengine yote yalikuwa sandukuni.

"Baba, mbele nijibu, niko na swali kwa Adalbert," alisema.

"Uulize," alisema Baba Bwalya.

"Ile uliimba mu bar, inapenda kusema nini?"

Baba mudogo André alikohoa. Haikuwa katika mpango. Adalbert aliinua kichwa.

"Inapenda kusema: sikupendi tena."

Mama wa Agnès aliniangalia. Nikaangalia kikombe changu.

"Ulikuwa unajua?"

"Hapana," alisema Adalbert. "Nilikuwa naimba bintu sijue. Mwaka muzima."

"Na leo unajua nini?"

Nilimwona Adalbert akijaza pumzi. Niliona kabisa Kihispania kikipanda kooni, na ka a kake kako tayari, safari hii mahali pake. Nilikaza vidole vya miguu ndani ya viatu. Kisha akaitoa ile pumzi bila neno, akaanza upya, kwa sauti ambayo si ya jukwaani wala ya mikrofoni, sauti ya mtu mwenye grisi kwenye kucha.

"Nakupenda, Agnès. Napenda nikuoe, ile iko moja. Lakini ata kama unaenda, ata kama unakataa, nakupenda, ile iko ingine. Haiko infirmière. Iko weye. Paka weye." Kisha akaongeza, "Ile nayua."

Nimemjua mdogo wangu tangu siku aliyozaliwa, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema jambo la moyoni bila kulifunika kwa wimbo. Machozi yalinitoka, nami si mtu wa machozi. Nilimpenda sana saa ile, kwa maana zote za neno.

Baba Bwalya alisubiri kidogo, kama anavyosubiri katika katekismo ili jibu litulie.

"Agnès, umesikia. Unapenda?"

"Napenda, baba."

Katekista hakuridhika. "Unapenda kuolewa, ao unamupenda yeye?"

"Byote," alisema Agnès.

Mama yake alianza kigelegele, lakini mume wake aliinua mkono, akaonyesha kwa kidevu lile sanduku nyuma ya kiti changu.

"Na Mitwaba? Camion inaondoka kesho."

Agnès hakumtazama baba yake. Alimtazama Adalbert, na sasa hata mimi, ambaye sina macho ya Adolphine, niliuona ule mdomo ukicheza pembeni.

"Ya no quiero," alisema.

Baba Bwalya alimgeukia mgeni wake. "Anasema nini?"

Adalbert aliyaimba maneno hayo mwaka mzima, kwa bibi-arusi, kwa mama yetu, kwa kiti kitupu. Sasa aliyatafsiri polepole, na sauti ikamkatika katikati.

"Anasema hapendi tena kuenda."

Sikungoja kuombwa. Niliinuka, nikalishika lile sanduku kwa kamba zake, nikalirudisha chumbani mwenyewe.